Bendera za Kuazima

Tarehe 3 Desemba 1881, Kapteni Charles Brownrigg wa Jeshi la Majini la Uingereza alikuwa ndani ya mashua ya mvuke katika maji ya Pemba, akikagua vyombo vinavyopita. Manowari yake, London, ilikuwa Unguja. Ilikuwa imetia nanga mbele ya mji tangu 1874, meli kuukuu ya vita iliyogeuzwa kuwa ghala, hospitali na makao ya mabaharia waliotumwa kuwinda majahazi ya watumwa. Siku hiyo Brownrigg aliona jahazi linalopeperusha bendera ya Ufaransa. Kwa taratibu za wakati ule ofisa wa Kiingereza hakuruhusiwa kulipekua jahazi lenye bendera hiyo. Angeweza tu kuomba kuona karatasi zake. Akalisogelea kwa nia hiyo, na watu wake hawakujiweka tayari kwa vita. Ndani ya jahazi mlikuwa na watumwa wapatao 100, na juu yao watu wenye bunduki. Risasi zikapigwa kabla ya neno lolote la maana kusemwa. Brownrigg akauawa, na baadhi ya mabaharia wake wakafa pamoja naye.

Bendera ile ilimlinda nahodha kuliko bunduki zake. Bila ya bendera, mashua ya mvuke ingelijia jahazi kwa tahadhari, silaha mkononi. Kwa kuwa palikuwa na kitambaa cha rangi tatu juu ya mlingoti, mwindaji alikuja kama karani anayekagua hati.

Sultani Barghash akamtuma Lloyd Mathews, ofisa aliyekuwa zamani wa manowari hiyo hiyo ya London na tangu 1877 akifundisha jeshi la Sultani, awatafute wauaji. Haikuchukua muda mrefu. Nahodha, Hindi bin Khatam, alipatikana Pemba, akapigana, akajeruhiwa na kufa. Jina lake tunalo hadi leo kwa sababu watu waliulizwa na majibu yao yakaandikwa. Kwa jahazi la Pemba bendera haikusema kweli, lakini watu walisema.

Biashara ya bendera za kuazima haikuisha kwa kifo cha nahodha mmoja. Wenye majahazi wengi, hasa wa Sur huko Oman, walikuwa wamejipatia hati za Kifaransa, na hati hizo zilisafiri kutoka mkono hadi mkono. Jahazi moja liliweza kuwa la Kifaransa mbele ya manowari ya Kiingereza na la Kiarabu mbele ya forodha ya Sultani. Uingereza na Ufaransa zilizozana juu ya jambo hili mpaka likafika mahakama ya usuluhishi ya The Hague. Hukumu iliyoweka mipaka ya nani ana haki ya kupeperusha bendera hiyo ilitoka tarehe 8 Agosti 1905, karibu miaka 24 baada ya Brownrigg kuzikwa.

Naanza na kisa hiki kwa sababu Unguja ina historia ndefu ya kuwafuatilia watekaji wanaojificha nyuma ya jina lisilo lao, na historia hiyo haikumbukwi inapozungumzwa hatari ya leo: magenge yanayoingia katika kompyuta za watu, kufunga mafaili yao na kudai kikomboleo. Kazi ya kuyafuatilia magenge haya, hasa yale madogo ambayo hakuna aliyeyasikia, siku hizi huitwa intelijensia ya vitisho vya mtandaoni. Mbinu zake zingefahamika na mkalimani yeyote wa bandarini Unguja katika miaka ya 1870.

Wawindaji wazuri wa zama zile walijifunza kutoiamini bendera. Waliangalia tabia ya chombo. Mapipa ya maji yanazidi mahitaji ya mabaharia? Masufuria ni makubwa kuliko yanavyohitajika kwa watu kumi? Chakula kimepakiwa kwa safari ya siku ngapi, na kwa vinywa vingapi? Mbao za ziada ni za nini? Msimu nao ulisema. Mwaka 1864 Sultani Majid alipiga marufuku kusafirisha watumwa kati ya Januari na Aprili, kwa kuwa ndio wakati majahazi ya Ghuba na Oman yalipokuwa bandarini yameshushwa na kaskazi, yakingojea kusi ya kurudi nayo, na ndio wakati watu wa Unguja walipoibiwa watoto na watumishi wao njiani. Tarehe ya kuondoka, pamoja na shehena na pepo, ilieleza zaidi kuliko karatasi ya nahodha. Kisha wakaja mashahidi. Waliookolewa walihojiwa, na maelezo yao yakaingia katika vitabu vya ubalozi wa Uingereza, chini ya balozi John Kirk. Mafaili ya ubalozi huo yamo leo katika Nyaraka za Taifa, Kilimani. Desemba 1879 Kampuni ya Eastern and South African Telegraph ikaufikisha waya wa chini ya bahari Unguja, ukiuunganisha mji na Aden upande mmoja na Durban upande mwingine. Habari iliyokuwa ikingojea meli kwa wiki nyingi ikaanza kufika kwa saa.

Lakini nisiwapambe wawindaji hao. Mabaharia wa Kiingereza walilipwa bakhshishi kwa kila chombo kilichohukumiwa kuwa cha watumwa, na bakhshishi hiyo ilipofusha macho. Katika miaka ya 1860 majahazi ya wafanyabiashara halali yalichomwa moto baharini kwa tuhuma tu, wenyewe wakashushwa ufukweni bila mali wala ushahidi. Malalamiko yalifika hadi London, na taratibu za kupeleka kesi mbele ya mahakama ya bahari Unguja zikakazwa. Mtu anayelipwa kwa kumtambua adui humtambua kila mahali. Kampuni zinazouza ripoti za magenge ya mtandaoni zinakabiliwa na kishawishi hicho hicho, na baadhi yake hutangaza jina la genge kabla ya kuwa na ushahidi wa kutosha.

Zaidi ya karne moja baada ya waya wa Aden, Afrika Mashariki iliingia katika hadithi ya kikomboleo kwa njia ambayo wengi hawaijui. Shambulio la kwanza la aina hii duniani lina mguu mmoja Nairobi.

Desemba 1989, kiasi cha disketi 20,000 zilitumwa kwa posta kutoka London kwenda nchi nyingi. Bahasha ilieleza kwamba ndani mna programu ya elimu ya Ukimwi. Tukumbuke ulikuwa wakati gani. Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walikuwa wamegunduliwa Kagera mwaka 1983, na Unguja mwaka 1986. Hakukuwa na dawa ya kuponya, na hofu ilikuwa kubwa kuliko elimu. Daktari au mtafiti aliyepokea disketi inayoahidi kumwuliza maswali na kumpa makadirio ya hatari yake angeiingiza katika kompyuta bila kusita, na programu ilifanya kweli ilivyoahidi. Iliuliza maswali na ikatoa majibu. Wakati huohuo ilijificha ndani ya mashine na kuanza kuhesabu. Kompyuta ilipowashwa mara 90 hivi, majina ya mafaili yalivurugwa yasisomeke, na kwenye skrini likatokea dai la kulipa dola 189 kwa kampuni iitwayo PC Cyborg, kwa sanduku la posta Panama. Aliyetaka kuwa salama kwa maisha yote ya diski yake alitakiwa kulipa dola 378. Tarehe 20 Desemba, siku chache baada ya bahasha kufika, jeshi la Marekani liliivamia Panama. Hata aliyekuwa tayari kulipa alikuwa anapeleka fedha katika mji wa vita.

PC Cyborg ilikuwa bendera ya kuazima. Hakuna aliyewahi kuisikia. Wapelelezi wa Scotland Yard, katika kitengo kidogo cha uhalifu wa kompyuta kilichoongozwa na John Austen, hawakuanza na jina hilo. Waliuliza swali la karani: waliopokea disketi wana nini kinachowaunganisha? Jibu lilikuwa orodha za anuani. Baadhi walikuwa wasomaji wa gazeti la Kiingereza la kompyuta, PC Business World, na wengine walikuwa wamehudhuria mkutano wa kimataifa wa Ukimwi. Orodha ya gazeti ilikuwa imenunuliwa na mtu aliyejitambulisha kwa jina la Ketema. Jina la Kiafrika liliazimwa ili wafuatiliaji wapotee njia. Nalisoma jambo hili kwa uchungu: tangu siku ya kwanza kabisa ya uhalifu huu, Mwafrika aliwekwa mbele kama mtuhumiwa kabla ya yeyote kumtazama kama mwathirika.

Mtu halisi alikuwa Dkt. Joseph Popp, Mmarekani aliyesomea biolojia Harvard, akafanya utafiti wa nyani Afrika Mashariki na kazi za ushauri wa afya Kenya. Habari za disketi zilipovuma, yeye alikuwa Nairobi kwenye semina ya Ukimwi ya Shirika la Afya Duniani. Akiwa njiani kurudi kwao, mwenendo wake katika uwanja wa ndege wa Schiphol, Amsterdam, uliwatia shaka maofisa. Mizigo yake ikapekuliwa, ikakutwa na mhuri wa PC Cyborg. Mwanzoni mwa Februari 1990 alikamatwa Ohio na baadaye akapelekwa Uingereza. Mwaka 1991 mahakama iliamua kwamba akili yake haimwezeshi kusimama kizimbani, akarudishwa kwao. Kwa nini alifanya hivyo, hakuna aliyepata jibu la kuridhisha.

Upande wa mafaili, mkombozi alikuwa Jim Bates, mtaalamu wa Kiingereza aliyeichambua programu hiyo na kuandika alichokiona katika jarida la Virus Bulletin la Januari 1990. Aligundua kwamba ufunguo ulikuwa umo ndani ya programu yenyewe. Akatengeneza programu mbili, moja ya kuutoa uchafu na nyingine ya kurudisha majina ya mafaili, akazigawa bure. Mtu mmoja aliyechambua kwa makini na kuwaeleza wengine aliivunja biashara nzima.

Udhaifu huo haukudumu. Mwaka 1996 wanasayansi wawili, Adam Young na Moti Yung, walionyesha kwa nadharia kwamba mtekaji anaweza kufunga mafaili kwa ufunguo mmoja na kubaki na mwingine kwake, usiofika kabisa katika mashine ya mwathirika. Mwaka 2009 ikaja sarafu ya kidijitali ya Bitcoin, na sanduku la posta la Panama likawa halina haja tena. Septemba 2013 programu ya kikomboleo ya CryptoLocker ikaviunganisha vyote viwili. Tarehe 12 Mei 2017 nyingine, WannaCry, ikaanza kuenea, na kwa muda wa siku chache ikafika nchi zipatazo 150.

Magenge yalipozidi, ndipo ilipohitajika kazi ya subira ya kuyatambua madogo. Mmoja wa waliofanya kazi hiyo bila malipo ni Michael Gillespie, fundi wa kompyuta wa jimbo la Illinois, aliyeanzisha mwaka 2016 huduma ya ID Ransomware. Mwathirika yeyote, popote alipo, anaweza kuweka pale ujumbe wa kikomboleo au faili moja lililofungwa, akaambiwa ni programu ipi iliyomvamia na kama ufunguo wa bure upo. Mwaka huohuo polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama walizindua mradi wa No More Ransom wa kugawa funguo hizo. Vile vipande vidogo vilivyoletwa na watu wasiojuana ndivyo vinavyowawezesha wafuatiliaji kuona genge jipya likizaliwa: mwisho wa jina la faili usiowahi kuonekana, anuani ya Bitcoin, namna ya kuandika ujumbe, hata kosa la tahajia linalorudiwa.

Majina hubadilika haraka. Mwaka 2023, Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Kenya ilivamiwa na genge lijiitalo Medusa, na nyaraka zake zikaanikwa mtandaoni. Lipo pia genge jingine, MedusaLocker, lililoonekana tangu 2019, na ipo programu ya kuiba benki kupitia simu inayoitwa Medusa. Vitu vitatu, jina moja, na havina uhusiano, kama FBI na mamlaka ya usalama wa mtandao ya Marekani zilivyolazimika kueleza katika tahadhari yao ya Machi 2025. Anayefuata jina peke yake atamfungulia mashtaka asiyehusika, kama mabaharia wa miaka ya 1860 walivyochoma jahazi la mfanyabiashara.

Mkasa wa genge la Hive unafundisha zaidi. Tangu Julai 2022 FBI ilikuwa imejipenyeza kimyakimya ndani ya mitambo ya genge hilo. Kwa miezi kadhaa iliwapa waathirika zaidi ya 300 funguo zao bila genge kujua, na kuwaokoa wasilipe kiasi cha dola milioni 130. Januari 2023 mitambo ikazimwa. Watu wakapumua. Oktoba 2023 likatokea jina jipya, Hunters International. Watafiti walioifungua programu yao walikuta sehemu kubwa ya maandishi yake ni ya Hive. Wenyewe wakakana, wakasema wamenunua tu. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Chombo kilikuwa kilekile, bendera nyingine. Mwaka 2024 Hunters walidai kuivamia Mamlaka ya Barabara za Mijini Kenya, na Desemba mwaka huohuo data walizoiba kwa kampuni ya simu ya Namibia zikaanikwa.

Kenya imo katika simulizi hii kwa sababu Kenya imesema. Sheria yake ya ulinzi wa data ya 2019 inamtaka mwenye kuhifadhi taarifa za watu amjulishe kamishna ndani ya saa 72 zinapovujishwa. Taasisi zake zimeshatoka hadharani kukiri, na kampuni ya maduka makubwa ya Naivas ilifanya hivyo Aprili 2023 ingawa haikuwa rahisi. Tanzania nayo imejenga vyombo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kazi pande zote mbili za Muungano, isipokuwa kifungu kimoja. TZ-CERT, chini ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ipo kupokea taarifa za mashambulio, na Zanzibar ina mamlaka yake ya serikali mtandao. Tanzania ilikuwa pia miongoni mwa nchi 19 zilizoshiriki operesheni ya Interpol na Afripol iitwayo Serengeti, Septemba na Oktoba 2024, iliyokamata watu 1,006. Vyombo vipo, lakini vinahitaji kulishwa habari, na hapo ndipo Unguja inaponitia wasiwasi.

Uchumi wa kisiwa hiki umekaa juu ya kitanda cha mgeni. Kuanzia Shangani hadi Nungwi na Paje, hoteli na nyumba za wageni zinahifadhi nakala za pasipoti, namba za kadi, tarehe za kufika na kuondoka. Nyingi ni mali ya familia, na kompyuta ya mapokezi ni moja. Mafaili yakifungwa usiku wa msimu mkubwa, mwenyewe humwita fundi anayemjua, naye hufuta kila kitu na kuanza upya kabla wageni hawajaamka kudai funguo za vyumba. Ujumbe wa kikomboleo unafutwa pamoja na virusi, anuani ya Bitcoin inafutwa, na mwisho wa majina ya mafaili hakuna aliyeuandika. Kesho yake genge lilelile liko Malindi au Mombasa kwa jirani asiyejua lolote.

Naelewa kwa nini. Sisi tumelelewa kustiri. Aibu ya nyumba haitolewi barazani, na biashara inayosemekana imevamiwa hupoteza wageni kwa tetesi kabla ya kupoteza kwa hasara yenyewe. Malezi hayo yameokoa heshima za watu wengi na siyadharau. Lakini sitara inamfaa mwenye kosa aliyetubu, na aliyevamiwa hana kosa la kustiriwa. Anayenufaika na ukimya wake ni mtu aliye mbali, anayehesabu kwamba katika kisiwa hiki kila mwathirika atajiona yuko peke yake. Kirk alikuwa mtumishi wa dola yenye tamaa zake, na utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali Unguja mpaka 1897. Hata hivyo vitabu vyake vilifanya kazi kwa kuwa watu walioibiwa waliingia ubalozini na kusema waliibiwa wapi, na nani, katika jahazi la namna gani. Wengi wao hawakuwa na chochote duniani isipokuwa ushahidi huo.

Kuripoti si lazima kuwe kujianika. Mambo ya kuhifadhi ni machache: picha ya ujumbe kama ulivyo, faili moja au mawili yaliyofungwa, anuani ya malipo, barua pepe iliyofunguliwa kabla ya balaa, saa na tarehe. Fundi anaweza kuvinakili katika kifaa cha kando kwa muda mfupi kabla ya kufuta. TZ-CERT ikivipata vitano vya namna hiyo kutoka Unguja kwa mwezi mmoja, genge ambalo halijulikani popote linaanza kuwa na umbo.

Julai 2025 Hunters International walitangaza kwamba wanafunga kazi, na wakatoa funguo bure kwa waathirika wao, kama wafanyabiashara waungwana wanaofunga duka. Wafuatiliaji hawakudanganyika. Tangu Aprili kampuni ya Group-IB ilikuwa imeandika kwamba watu walewale walishaanzisha jina jingine, World Leaks, mwanzoni mwa mwaka huo, na kwamba mwenendo umebadilika: mafaili hayafungwi tena, yanaibwa tu, kisha mwenyewe anatishiwa kuanikwa. Hoteli ya Nungwi ikivamiwa kwa njia hiyo, kompyuta ya mapokezi itaendelea kufanya kazi kama kawaida na fundi hataitwa. Itafika barua pepe moja tu, na mwenye hoteli atakuwa na uamuzi wa kuifuta au kuipeleka mbele.